Walaji wa methani wamo jarubani tayari, wanachokosa ni hewa

SWALI: Nalima mpunga ekari 2 huku Mbarali, na nina ekari 1 ya mahindi juu pasipofika maji ya mfereji. Muuzaji mmoja wa pembejeo ameniletea chupa ya lita moja, anasema ndani kuna bakteria wanaokula gesi ya methani. Nikinyunyizia jarubani gesi itakwisha, mpunga utazaa zaidi na baadaye nitalipwa fedha za kaboni, yaani malipo ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Ushahidi wake ni kwamba jaruba lililonyunyiziwa halinuki tena wala halitoi mapovu. Je, bakteria hao wapo kweli? Ninunue? Na mahindi nayo yanawahitaji?

JIBU: Ndugu msomaji, bakteria hao wapo, wala si ugunduzi wa juzi. Mholanzi Söhngen aliwaeleza huko Delft tangu mwaka 1906. Chupa hata hivyo iache dukani. Udongo wa jaruba lako una walaji hao tayari, na shida yao si uchache, ni kukosa hewa. Hewa haiuzwi kwa lita. Huingia udongoni kwa jinsi unavyopanga maji, mabua na mbolea.

Tufanye kwanza hesabu ya chupa. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 15, una ujazo wa kama mita 600 za ujazo na uzito unaopita tani 700. Jaruba lililozoea maji huwa na walaji wa methani wasiopungua milioni moja hivi kwa kila gramu ya udongo, mara nyingi zaidi. Zidisha, unapata trilioni 700 kwa ekari. Sasa tumpe muuzaji nafasi nzuri kupita kiasi: tuseme kila mililita ya chupa yake ina bakteria hai bilioni moja, na hakuna aliyekufa kwa joto la dukani. Lita nzima ni trilioni moja. Utakuwa umeongeza mmoja kwa kila 700 waliopo, sawa na kumimina kikombe kimoja kwenye pipa la lita 200 ukingoja lifurike. Tena hao wageni watakuta wenyeji wameshika kila mahali penye hewa.

Kama bado una hamu, geuza chupa usome jina la kisayansi. Walaji halisi wa methani huitwa Methylocystis, Methylosinus, Methylobacter, Methylococcus na jamaa zao. Ukikuta Methylobacterium, huyo ni mwingine ingawa majina yanashabihiana: ni bakteria wa rangi ya waridi anayekaa juu ya majani na kula methanoli inayotoka kwenye vitundu vya jani. Huenda ana faida zake kwa mmea, ila methani kwa kawaida si chakula chake. Na lebo isipotaja jina lolote zaidi ya "vijidudu rafiki", jibu umeshapata.

Kuhusu harufu, methani haina harufu kabisa. Kile kinachonuka yai bovu ni salfaidi ya haidrojeni, gesi nyingine inayotengenezwa na vijidudu wengine. Mapovu nayo hupungua na kuongezeka kwa joto la mchana, kwa nyayo za mtu na kwa umri wa mabua yaliyozikwa. Anayepima methani kweli hufunika eneo dogo kwa sanduku lisilopitisha hewa, akavuta sampuli kwa bomba la sindano kila baada ya dakika 10 kwa nusu saa, kisha sampuli zikapimwa kwa mashine maabara. Muuzaji asiye na vipimo hivyo hana ushahidi, ana maneno.

Sasa tuingie topeni, maana ukielewa yanayotokea huko utajua la kufanya hata pale ambapo maelekezo ya kitabuni hayafai shamba lako.

Chini ya maji kuna wapishi wa methani na kuna walaji. Wapishi ni arkea, viumbe wadogo kama bakteria ila wa ukoo mwingine, na oksijeni kwao ni sumu. Malighafi yao ni vitu vinavyooza: mabua, mizizi iliyokufa, samadi mbichi, pamoja na ute wa mizizi hai. Hawaanzi kupika siku unapofungulia maji. Oksijeni ikishaisha udongoni, vijidudu wengine hupumulia naitreti, kisha manganizi, kisha chuma chenye kutu, kisha salfeti, na wakati wote huo ndio wanaowahi chakula. Vyote hivyo vikipungua ndipo zamu ya wapishi inapofika. Ndiyo maana siku chache za ukavu zina faida inayodumu kuliko siku zenyewe: hewa ikiingia, chuma kinapata kutu upya na salfeti inarudi, na maji yakirudi wapishi wanalazimika kupanga foleni tena kuanzia nyuma.

Walaji ni kinyume chao. Kuiunguza molekuli moja ya methani hadi mwisho kunahitaji molekuli mbili za oksijeni. Kimeng'enya chao huigeuza methani kuwa methanoli, nayo hupita hatua mbili tatu hadi kuwa hewa ya ukaa, na sehemu ya kaboni wanaichukua kujenga miili yao. Hewa ya ukaa nayo hupasha dunia joto, lakini kilo ya methani ina nguvu kama mara 27 kwa hesabu ya miaka 100, kwa hiyo badiliko hilo ni faida tupu.

Katika jaruba lililojaa maji walaji wana makazi mawili tu. La kwanza ni utando wa juu wa tope, unene wa milimita chache, ambako oksijeni ya majini hupenya. Methani inayopanda polepole kupitia hapo huliwa karibu yote. La pili ni pembeni ya mizizi, kwa kuwa mpunga una mirija ya hewa inayoshusha oksijeni kutoka majani hadi chini. Tabu ni kwamba mirija hiyo hiyo hupandisha methani. Kiasi cha asilimia 90 ya methani inayotoka jarubani mpunga ukishakomaa hupitia ndani ya mpunga wenyewe, ikiuruka ule utando wa juu kabisa.

Wenyewe huwezi kuwaona, lakini makazi yao unaweza. Wiki ya nne baada ya kupandikiza, ng'oa shina moja pamoja na tope lake, ulisuuze taratibu kwenye ndoo ya maji safi. Mizizi iliyojipaka rangi ya kutu ina habari njema: ile ni chuma iliyokutana na oksijeni iliyovuja kutoka mzizini, na pale ilipovuja ndipo walaji wanapokaa. Ncha nyeupe ni mizizi mipya. Mizizi ikiwa myeusi, teketeke na yenye harufu ya yai bovu, oksijeni haifiki, na walaji wamelala. Wamelala tu, hawajafa. Methylosinus na Methylocystis hujifunika ganda gumu wakavumilia njaa na ukame, ndiyo maana majaruba ya huko kwenu bonde la Usangu yanayopasuka kiangazi kizima huamka nao mvua ikirudi, bila mtu kunyunyizia kitu.

Kazi yako basi ni kuingiza hewa bila kuutia mpunga kiu. Ukiwa umewahi kuhudhuria mafunzo ya kilimo shadidi, sehemu ya jambo hili unaijua: ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Kinachowashinda wengi ni kukisia. Tengeneza kipimo.

Kata bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 30. Toboa sentimita 15 hadi 20 za upande wa chini, matundu ya milimita 5 yaliyoachana sentimita 2, kuzunguka pande zote. Msumari uliopashwa moto unatosha. Lizamishe mpaka sehemu yote yenye matundu iingie ardhini, kisha toa tope la ndani hadi chini. Liweke hatua mbili kutoka kwenye tuta, mahali panapofanana na sehemu kubwa ya jaruba, si bondeni wala kwenye kichuguu. Jaruba likiwa na maji, maji ya ndani ya bomba na ya nje lazima yawe usawa mmoja. Yasipolingana, matundu yameziba: lichomoe, lioshe, ulivishe kipande cha chandarua kilichochakaa, ulirudishe.

Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza acha maji ya sentimita 2 hadi 5 ili miche ishike. Kama jaruba lina magugu mengi, ongeza wiki ya tatu, kwani maji ndiyo palizi ya bei nafuu. Baada ya hapo usiongeze maji mpaka bomba likuambie. Pima kila asubuhi kwa kijiti. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ingiza hadi sentimita 5 juu yake, kisha acha yashuke tena. Wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baada yake, maji yasikosekane juu ya udongo. Ukikausha kipindi hicho utavuna mapepe, maganda yasiyo na punje, na hakuna faida ya methani itakayokufariji. Ukishavuka hapo rudi kwenye zamu, na funga maji kabisa siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna.

Kipimo cha sentimita 15 ni cha jumla, na udongo wa Usangu una tabia zake. Mfinyanzi mweusi ukikauka hupasuka, na ufa ukishafika chini, maji ya zamu inayofuata huzama humo kama yamemwagwa kwenye gunia, ukaishia kutumia mengi kuliko aliyejaza muda wote. Kwenye udongo huo simamia sentimita 10 msimu wa kwanza. Ufa unaoingiza kidole ni alama kwamba umechelewa. Sehemu zenye magadi, zile unazoona ukoko mweupe kiangazi, usizikaushe, kwa sababu chumvi itapanda hadi kwenye mizizi. Jaruba lisilosawazishwa nalo litakudanganya: upande wa juu mpunga unanyauka huku upande wa chini wapishi wakiendelea na kazi yao. Tofauti ya usawa ikizidi sentimita 5, malizia kwanza kazi ya kusawazisha wakati wa kuchabanga, yaani kuvuruga tope kabla ya kupandikiza.

Halafu kuna zamu ya mfereji. Bomba linaweza kusema leo, na zamu yako ikawa Alhamisi. Hapo fuata zamu: ikikukuta maji yako chini sentimita 8, ingiza, usisubiri 15 ukakosa. Na kama maji yako yanapita kwanza kwenye jaruba la jirani ndipo yakufikie, huwezi kukausha peke yako. Itabidi mkubaliane majaruba yote ya mstari huo, au uchimbe mfereji mdogo wa pembeni. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizotaja, na haina dawa ya chupa. Ina malipo yake lakini, maana maji yanayobaki mferejini yana wenyewe huko chini, ambako mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi tangu miaka ya 1990.

Faida ni kiasi gani? Mwongozo wa mwaka 2019 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, unakadiria jaruba lililofurika msimu mzima, bila mabua wala samadi, hutoa kilo 1.19 za methani kwa hekta kwa siku. Kwa siku 120 ni kama kilo 58 kwa ekari. Kukausha zaidi ya mara moja kunashusha hadi asilimia 55 ya hapo, yaani kilo 32. Umeokoa kilo 26 kwa kila ekari. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ni wapishi kusimamishwa, na sehemu nyingine ni walaji kupata hewa.

Mabua sasa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza walichookoa kwenye maji. Chukua tani 2 za mabua makavu kwa ekari, kiasi cha kawaida kwa mavuno mazuri. Ukiyazika chini ya siku 30 kabla ya kujaza maji, kwa kanuni za mwongozo ule ule methani hupanda karibu mara 2.9, zile kilo 58 zikawa 167. Ukiyazika zaidi ya siku 30 kabla, udongo ukiwa na hewa, hupanda mara 1.5 tu, kama kilo 86. Linganisha: aliyezika mabua wiki ya kuchabanga halafu akakausha kwa zamu bila kukosea anatoa kilo 92, zaidi ya yule aliyeyazika mapema na kufurisha msimu mzima. Samahani kwa tarakimu nyingi, lakini hizi ndizo zenye uamuzi.

Shida yenu ni kwamba baada ya mavuno udongo unakauka haraka na jembe halipiti. Kuna wiki moja mbili tu ambapo udongo bado una unyevu na trekta halizami. Huo ndio wakati wa kulima mabua chini. Ukiukosa, lisha ng'ombe, au yakusanye utengeneze mboji, ambayo ikirudi jarubani ina athari ndogo kuliko mabua mabichi. Kuchoma kunaondoa methani ya jarubani, kweli, ila kunateketeza naitrojeni na kujaza kijiji moshi.

Urea iweke udongo ukiwa umekauka juu, kisha ingiza maji siku hiyo au kesho yake, ili yaishushe hadi kwenye mizizi. Ukiiacha kwenye udongo mkavu kwa wiki, bakteria wataigeuza kuwa naitreti, na maji yakirudi naitreti hiyo itapotea hewani, sehemu yake ikiwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo moja ni kama kilo 10 za methani. Watu hutumia hoja hii kupinga kukausha. Hesabu yake ni hii: mifuko 2 ya urea kwa ekari ina kilo 46 za naitrojeni, na kwa makadirio ya IPCC ya jaruba linalokaushwa utatoa kama kilo 0.36 za oksidi ya nitrasi, sawa na kilo 3.6 za methani. Umeokoa 26. Kukausha kunashinda, mradi mbolea isizidishwe. Na usihofu kwamba urea itaua walaji wa jarubani. Mwaka 2000 Bodelier na wenzake walionyesha kwamba kwenye mizizi ya mpunga mbolea ya amonia huwachangamsha, kwa kuwa penye methani tele kinachowabana ni naitrojeni.

Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ina faida ya ziada, kwani salfeti yake huwachelewesha wapishi. Lakini kwenye jaruba ambalo mizizi tayari ni myeusi na inanuka, usiitumie mpaka ulipe hewa, maana utaongeza salfaidi.

Fedha za kaboni: utaratibu wa kuhesabu huangalia siku za maji, mabua na mbolea. Hakuna anayelipa kwa idadi ya bakteria. Anayetaka kukusajili bila kuuliza utapimaje maji, mwulize yeye atapimaje.

Mahindi ni habari nyingine, na ndogo. Huko juu hakuna wapishi wa kutosha. Walaji wanaishi kwa methani ya angani peke yake, ambayo ni chini ya sehemu 2 katika milioni. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuwafuga maabara, mpaka mwaka 2019 watafiti wa Tromsø, Norway, walipoeleza bakteria mmoja, Methylocapsa gorgona, anayekua kwa hewa ya kawaida tu. Shamba la mazao lisilofurika hula kilo 1 hadi 2 za methani kwa hekta kwa mwaka. Kwenye ekari yako haifiki kilo moja. Ekari moja ya mpunga ukiikausha kwa zamu, unaokoa msimu mmoja kile ambacho ekari ya mahindi ingekula kwa miaka 30 au zaidi.

Hata hicho kidogo hupungua kwa mbolea ya amonia, kinyume na jarubani. Molekuli ya amonia inafanana na ya methani kiasi kwamba kimeng'enya cha walaji huishika kwa makosa, na matokeo yake ni naitraiti inayowadhuru. Steudler na wenzake walilipima hilo kwenye misitu ya Marekani mwaka 1989, na shamba la Broadbalk huko Rothamsted, Uingereza, linalowekwa mbolea tangu 1843, limeonyesha hali hiyo hiyo. Usiache mbolea kwa ajili yao. Njaa ya mahindi ni kubwa kuliko kilo moja ya methani. Iweke kwenye shimo, sentimita 5 kando ya mbegu, badala ya kuimwaga shamba zima, ili sehemu kubwa ya udongo ibaki bila amonia. Ukanda wa miti mpakani usiulime. Udongo usioguswa chini ya miti hula zaidi ya uliolimwa, na ukishavurugwa hurejea hali yake kwa miongo, si kwa misimu.

Jambo kubwa huko juu ni rundo la samadi. Rundo lililolowa, refu kuliko mita moja na nusu, lina jiko la methani katikati. Lishushe liwe mita moja, changanya samadi na mabua makavu kwa tabaka, ligeuze kila wiki mbili, na lifunike mvua ikianza. Likitoa mvuke asubuhi na kunuka udongo, lina hewa. Likinuka yai bovu, ligeuze siku hiyo hiyo.